Kuzirai au kifafa? Majibu kwa wasomaji walioandika kuhusu watu wanaoanguka ghafla

Barua zinazouliza kuhusu watu wanaoanguka na kupoteza fahamu zimekuwa nyingi, hivyo safu ya mwezi huu nimeitenga yote kwa jambo hilo. Nimechagua chache, nikazifupisha, na kuondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Ninyi mnaoandika kwa niaba ya mgonjwa mna kitu ambacho daktari hana na mashine za hospitali hazina, nacho ni kwamba mliona kwa macho yenu kilichotokea, na ndiyo sababu nawauliza mengi kabla ya kuwajibu.

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 15, anasoma kidato cha pili hapa Tanga. Wiki chache zilizopita alianguka paredi asubuhi baada ya kusimama muda mrefu juani. Walimu wanasema alikakamaa, akatupa mikono mara kadhaa, macho yakabaki wazi yamegeuka juu, na alijikojolea kidogo. Alipozinduka aliwatambua wenzake papo hapo, akaanza kulia kwa aibu. Miaka miwili iliyopita aliwahi kuanguka zahanati alipokuwa akitolewa damu. Shule inataka barua ya kuthibitisha kwamba hana kifafa, wenzake wanaogopa kukaa naye dawati moja, na shangazi yake anataka tumpeleke kwa mganga. Je, ni kifafa? — *Mama, Tanga*

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa misukosuko hiyo. Maelezo yako yanaelekea kwenye kuzirai kwa kawaida kuliko kwenye kifafa, na nitayajibu kwa urefu kwa sababu karibu kila alama iliyowatisha walimu ni alama ambayo watu wengi huidhania kuwa ya kifafa peke yake.

Kuzirai ni jambo la damu. Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote tunayovuta, na hauna akiba ya kujikimu. Mtu anaposimama muda mrefu bila kutembea, damu nyingi hushuka na kutuama miguuni. Joto la jua hupanua mishipa ya ngozi. Na kama hakunywa maji wala kula chochote tangu alipoamka, damu inayorudi moyoni hupungua zaidi. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana, hufika hatua ambapo mishipa ya fahamu huamuru moyo upunguze mwendo na mishipa ya damu ilegee kwa wakati mmoja. Presha huporomoka, na ubongo ukikosa damu kwa sekunde sita hadi nane hivi, fahamu hupotea. Kuona damu, kuchomwa sindano, maumivu makali na hofu ya ghafla huamsha mfumo huo huo, na ndiyo maana kile kisa cha zahanati ulichokitaja kama jambo la pembeni mimi nakiona kuwa miongoni mwa mambo muhimu kuliko yote katika barua yako.

Kifafa ni jambo la umeme. Chembe za ubongo huwasiliana kwa mikondo midogo sana ya umeme, na mtu huanguka kwa kifafa pale kundi la chembe hizo linapotoa umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Damu inafika kama kawaida na presha haijashuka, lakini mawasiliano ndani ya ubongo yamevurugika, na huchukua muda kutulia hata baada ya mwili kuacha kutikisika.

Sasa kuhusu kukakamaa na kutupa mikono. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani walichapisha utafiti ambamo watu wenye afya nzuri waliojitolea walifanywa wazirai kwa makusudi, chini ya uangalizi, huku wakirekodiwa kwa video. Miongoni mwa 42 waliopoteza fahamu kabisa, 38 walikuwa na mitukutiko ya misuli, na macho yao hayakufumba bali yaligeuka juu. Walipoteza fahamu kwa wastani wa sekunde 12 tu. Kwa hiyo kutikisika peke yake si ushahidi wa kifafa. Kinachosaidia ni kiasi chake: anayezirai hutikisika mara chache, pengine chini ya kumi, bila mpangilio, na huanza baada ya kuwa ameshalegea na kuanguka, mwenye kifafa cha mwili mzima hukakamaa kwanza, kisha hutikisika kwa mfululizo wenye mdundo, mara nyingi zaidi ya ishirini, kwa dakika moja hadi tatu.

Kujikojolea nako hakutenganishi hali hizi mbili, kwa kuwa hutokea katika zote. Alama yenye uzito zaidi ni kuuma ulimi, na hapo pia uangalie mahali: jeraha la ubavuni mwa ulimi huelekeza kwenye kifafa, ilhali anayezirai na kugonga kidevu anaweza kujiuma nchani tu. Rangi nayo ina maneno yake. Anayezirai hupauka, hutoka jasho la baridi, na kwa ngozi nyeusi hilo huonekana vizuri zaidi kwenye midomo na viganja. Mwenye kifafa mara nyingi midomo yake hugeuka rangi ya buluu, hukoroma, na mate hutoka kama povu.

Jambo ambalo ningeliuliza kwanza kama mngekuwa mbele yangu ni namna alivyozinduka. Umeandika kwamba aliwatambua wenzake papo hapo. Mtu aliyetoka kwenye kifafa cha mwili mzima huamka akiwa amechanganyikiwa, hajui yuko wapi, hujibu vibaya au hajibu kabisa, kichwa kinamuuma, misuli inamuuma, anataka kulala, na hali hiyo huendelea kwa dakika nyingi, pengine saa nzima au zaidi. Aliyezirai huwa mchovu na dhaifu, lakini akili yake hurudi mara tu damu inaporudi.

Ningependa pia uwaulize walimu kama kuna aliyemdaka na kumshikilia wima au kumkalisha kwenye kiti. Ni jambo linalofanywa kwa huruma na ndilo linaloharibu. Mtu anayezirai anahitaji kulala chini ili damu irudi kichwani. Akizuiwa kufika chini, ubongo hukaa bila damu kwa muda mrefu zaidi, na hapo kukakamaa na kutikisika huongezeka hadi kila aliyepo anaapa kwamba ameona kifafa. Alazwe chali, miguu iinuliwe, watu waondoke ili apate hewa, na asiharakishwe kusimama. Kumwagia maji usoni au kumnusisha kitunguu au kiatu hakumsaidii kitu.

Mpeleke binti hospitali, tena pamoja na mwalimu au mwanafunzi aliyekuwa karibu naye zaidi, ili aeleze mwenyewe alichokiona. Mwombe daktari ampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, wingi wa damu, kwa kuwa wasichana wa umri huo wenye hedhi nzito hupungukiwa damu mara nyingi, na kipimo cha umeme wa moyo, ambacho ni cha dakika chache na hakiumizi. Kipimo hiki cha moyo nasisitiza kifanyike hata kama kila mtu ameridhika kwamba ni kuzirai tu. Ipo hitilafu ya kurithi ya umeme wa moyo ambayo huwaangusha vijana na huweza kuua, na wengi wenye nayo huitwa wagonjwa wa kifafa kwa miaka kabla haijagunduliwa. Mweleze daktari wazi kama binti aliwahi kuanguka akikimbia au akiogelea, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Vipimo vikiwa salama, tiba ni maji ya kutosha, kifungua kinywa kabla ya kwenda shule, na kujua dalili zake: kichwa kuwa chepesi, macho kuona giza, masikio kuvuma, kichefuchefu, jasho. Akizisikia, akae chini au alale hapo hapo bila kuona haya; kama haiwezekani, apishanishe miguu, akaze misuli ya mapaja na makalio na afumbate ngumi kwa nguvu, kwani hilo hupandisha presha na mara nyingi humpa muda wa kufika mahali pa kukaa. Kama anafunga Ramadhani, ale daku na anywe maji vizuri kabla ya alfajiri, na shule imruhusu kukaa wakati wa paredi.

Kuhusu wenzake wanaomkwepa: hata kama angekuwa na kifafa, wasingekuwa na sababu ya kumkwepa. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu, kwa mkojo wala kwa kugusana. Nimewaona watu walioungua vibaya jikoni kwa sababu waliowazunguka waliogopa kuwagusa na kuwatoa motoni, na hakuna imani juu ya ugonjwa huu inayonihuzunisha zaidi ya hiyo.

SWALI: Daktari, baba yetu ana miaka 68. Anatumia dawa za presha na dawa ya tezi dume. Mara mbili ameanguka usiku alipoamka kwenda chooni, tukaona ni uzee. Hivi karibuni ameanguka sebuleni akiwa ameketi kwenye kiti anazungumza nasi. Hakusema anajisikia vibaya. Sentensi ilikatika katikati, midomo ikapauka, akalegea. Baada ya nusu dakika alifumbua macho akaendelea na mazungumzo. Hospitali alipewa dawa ya kifafa, lakini ameanguka tena akiwa anaitumia. — *Mtoto wake wa kwanza, Mombasa*

JIBU: Huenda baba ana matatizo mawili tofauti, na lile la kiti ndilo linalonitia hofu.

Maanguko ya usiku yana maelezo. Mtu anapotoka kitandani na kusimama, mwili unapaswa kubana mishipa ya miguu mara moja ili presha isishuke. Dawa za presha hupunguza uwezo huo, na baadhi ya dawa za tezi dume, ambazo hulegeza misuli ya njia ya mkojo, hulegeza mishipa ya damu vilevile. Kisha kitendo chenyewe cha kukojoa, hasa kwa mwanamume anayesimama na kujikamua, huweza kushusha presha zaidi. Apimwe presha akiwa amelala, halafu ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, sababu imepatikana. Usiku akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, akojoe ameketi, au awekewe chombo karibu. Dawa asiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakayebadilisha kiwango au saa ya kuzimeza.

Kuanguka akiwa ameketi, bila onyo lolote, na kuzinduka haraka akiwa na akili timamu, ni sura ya moyo uliosimama kwa sekunde kadhaa au uliokimbia kupita kiasi. Kwa wazee, njia inayopitisha umeme kutoka sehemu ya juu ya moyo kwenda sehemu ya chini huchakaa, na wakati mwingine hukatika kwa muda. Dawa ya kifafa haiwezi kutibu hilo, na baadhi yake, kwa mfano kabamazepini, hazifai kwa mtu mwenye hitilafu ya namna hiyo kwa sababu huweza kuizidisha. Mrudisheni hospitali wiki hii, si mwezi ujao, mkiwa na jina la dawa aliyopewa, na ombeni kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo cha dakika moja kikitoka sawa, msikubali kuishia hapo: kipo kifaa kinachofungwa kifuani na kurekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi, kwa kuwa moyo unaokosea mara moja kwa siku hauwezi kutegemewa ukosee mbele ya daktari. Ikithibitika, anaweza kuwekewa betri ya moyo chini ya ngozi ya kifua, upasuaji mdogo unaofanywa katika vituo vikubwa vya moyo vya Afrika Mashariki, ikiwemo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Niongeze kwa wasomaji wengine: yeyote anayezirai wakati wa kukimbia au kufanya kazi nzito, anayezirai akiwa amelala au ameketi, anayesikia moyo ukidunda ovyo kabla ya kuanguka, au mwenye historia ya homa ya baridi yabisi iliyoathiri vali za moyo, asijihesabu kuwa amezirai kwa jua au njaa. Huyo achunguzwe moyo kwanza.

SWALI: Mwanangu wa miaka miwili alipata homa kali jioni, usiku akakakamaa, macho yakageuka, akatikisika mwili mzima. Mama mkwe alisema ni degedege, kwamba ndege wa usiku amepita juu ya nyumba, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Tulimfukiza moshi, akatulia. Mume wangu anasema tungeenda hospitali. Nani ana haki? — *Mama mdogo, Bagamoyo*

JIBU: Mume wako, na naandika hivi bila kumvunjia heshima mama mkwe, ambaye alifanya alichofunzwa na waliomtangulia, kama wazee wa Kilifi wanaolitaja jambo hilo hilo kwa jina la nyuni. Hofu ya sindano ina historia yake: watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno, wakafariki muda mfupi baada ya kuchomwa, na sindano ikabeba lawama ya ugonjwa uliokuwa umeshawamaliza.

Mtoto alitulia kwa sababu degedege nyingi za homa huisha zenyewe ndani ya dakika chache, na moshi ulikuta mambo yanakwisha. Ubongo wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 huweza kutoa degedege kwa sababu ya homa tu, na wengi wao hukua bila kupata kifafa. Lakini katika ukanda wetu wa pwani huwezi kusema ni homa tu kabla ya kupima. Malaria kali huingia ubongoni na huanza hivyo hivyo, na uchunguzi wa miaka mingi uliofanyika Kilifi umeonyesha kwamba malaria ni miongoni mwa visababishi vikuu vya degedege kwa watoto wanaolazwa. Homa ya uti wa mgongo nayo huanza hivyo, na sukari ya damu ikishuka ni hivyo pia. Mtoto aliyepata degedege apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama amerudi kucheza, apimwe malaria na sukari, na aangaliwe shingo na utosi. Akiwa haamki vizuri, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, au degedege imerudi, msingoje kupambazuke.

Mama mwingine ameniuliza kuhusu mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye akinyang'anywa kitu hulia, hukata pumzi, midomo hugeuka buluu na hulegea kwa muda mfupi kisha hurudi. Huko ni kuzirai kunakoanzia kwenye kilio. Huisha na umri, kwa kawaida kabla ya miaka sita, na apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma huzidisha hali hiyo na kuutibu huipunguza.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Amekuwa akilalamika kichwa na kuona ukungu machoni, miguu na uso vimevimba. Jana alitikisika mwili mzima akapoteza fahamu. Wazee wanasema ni mashetani. — *Mume, Kigoma*

JIBU: Ndugu yangu, tulikujibu kwa simu siku barua ilipofika, na naichapisha kwa ajili ya wengine. Mjamzito aliyepita wiki ya 20, au aliyejifungua ndani ya wiki 6, akipata mitukutiko, ichukuliwe kuwa ni kifafa cha mimba hadi ithibitishwe vinginevyo. Chanzo chake ni ugonjwa wa ujauzito unaopandisha presha, na huua mama na mtoto. Alazwe ubavu wa kushoto na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Dawa yake, maginesiamu salfeti, inajulikana na ni ya bei nafuu. Kichwa kisichotulia, ukungu wa macho, kuvimba uso na maumivu ya juu ya tumbo ni dalili za kwenda kliniki kabla mitukutiko haijaanza.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 22, anaanguka kifafa tangu ana miaka 11. Alipewa fenobabito, akakaa mwaka bila kuanguka, akaona amepona akaacha. Ndani ya wiki moja alianguka mara nyingi mfululizo bila kuzinduka, tukamkimbiza hospitali. Kwetu Ulanga watu wenye kifafa ni wengi sana. Kwa nini? Na je, atameza vidonge maisha yote? — *Kaka, Ulanga*

JIBU: Umesema kweli kwamba kwenu ni wengi. Milima ya Mahenge inajulikana katika tiba duniani kwa sababu hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa, akaandika pia kuhusu watoto wanaotikisa kichwa kwa kukiinamisha mara kwa mara. Tafiti za baadaye zimehusisha wingi huo na usubi, ugonjwa wa minyoo midogo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yaendayo kasi. Namna minyoo hiyo inavyosababisha kifafa bado inachunguzwa, lakini dawa za usubi zinazogawiwa vijijini zimezwe na kila anayestahili, bila kukosa.

Sababu nyingine zipo kote Afrika Mashariki: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyoingia ubongoni, homa ya uti wa mgongo, majeraha ya kichwa ambayo sasa yanaongezwa na ajali za bodaboda, kiharusi kwa watu wazima, na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia kwa njia ya uchafu na kuwa malengelenge ndani ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mahali ambapo tegu huyo ameenea, takribani asilimia 30 ya kifafa kinatokana naye. Asiyekula nguruwe hajasalimika, kwa sababu mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na hufika kinywani kwa mikono, maji na mboga zisizooshwa. Kuna pia wanaoanguka siku moja au mbili baada ya kuacha ghafla pombe waliyoizoea kwa wingi, na hao wanahitaji hospitali.

Kuhusu vidonge: fenobabito ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, ni ya bei nafuu, na kwa wengi inatosha. Hadi asilimia 70 ya wenye kifafa duniani wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuimeza kila siku. Ukiikatisha ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa huchachamaa, na hicho ndicho kilichompata. Kuanguka kwa zaidi ya dakika 5, au kuanguka tena kabla ya kuzinduka, ni hatari ya kufa, na dakika hizo zihesabiwe kwa saa kwa sababu anayetazama kwa hofu huona moja kama kumi. Baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kumpunguzia kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, na wengine huacha salama.

Akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, wekeni nguo laini chini ya kichwa, mgeuzeni kwa ubavu mitukutiko ikipungua, na kaeni naye mpaka ajue yuko wapi. Kijiko, kitambaa au vidole visiingizwe mdomoni. Ulimi haumezwi, na meno yaliyovunjika humziba pumzi. Msimbane mikono. Asipike kwenye moto ulio chini akiwa peke yake, asioge mtoni wala kuvua bila mwenzake, na asiendeshe pikipiki mpaka daktari amruhusu.

SWALI: Katika shule yetu wasichana wa bweni wameanza kuanguka kwa makundi. Mmoja akianguka wengine watano hufuata. Hulia, hutupa miguu kwa nusu saa, macho wameyafumba. Vipimo vyote ni salama. Wenzangu wanasema wanajifanya na wapewe adhabu. — *Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Mwalimu, hawajifanyi, na adhabu itaongeza wanaoanguka. Macho yaliyofumbwa kwa nguvu, kichwa kugeuzwa kushoto na kulia, mitukutiko inayopungua na kurudi kwa nusu saa, na machozi, ni sura ya maanguko yanayotoka kwenye msongo wa akili: damu inafika ubongoni na umeme haujavurugika, lakini mwili umetoka mikononi mwa mwenyewe. Historia yetu inayajua mambo haya. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, kicheko kisichozuilika kilianza kwa wanafunzi wachache kikawapata 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Waganga waliochunguza hawakupata sumu wala kijidudu.

Watenganisheni walioanguka na watazamaji, kwa upole na bila maombi ya hadhara wala kamera. Mmoja mmoja azungumze na mtu mzima anayemwamini, na mchunguze kwa dhati kinachowasumbua bwenini, iwe ni hofu ya mtihani, njaa, msiba au unyanyasaji. Hata hivyo, katika kundi kama hilo huweza kuwemo mmoja mwenye kifafa cha kweli aliyewatangulia wengine. Yule aliyeanguka kwanza kabisa, na yeyote anayeanguka akiwa peke yake au usingizini, achunguzwe kivyake.

SWALI: Nilianguka mara mbili usingizini na kuuma ulimi. Nimepimwa umeme wa ubongo, majibu yakawa ya kawaida. Je, niseme sina kifafa? — *Kijana, Nakuru*

JIBU: Hapana. Kipimo hicho kinanasa umeme wa ubongo kwa muda mfupi unaopimwa, na watu wengi wenye kifafa huwa na majibu ya kawaida katika kipimo cha kwanza. Vivyo hivyo wapo watu wachache wasiowahi kuanguka ambao kipimo chao huonyesha dosari. Daktari hutumia karatasi hiyo kuunga mkono simulizi, na simulizi yako ina uzito: kuanguka usingizini hakuelezeki kwa kusimama juani, na ulimi umeumwa. Uliza kama jeraha lilikuwa ubavuni. Rudi kliniki pamoja na anayelala chumba kimoja nawe, aeleze kilichomwamsha, kama ulipiga ukelele, mkono upi ulianza, ilichukua muda gani, na ulisema nini ulipozinduka. Ikitokea tena, akishakugeuza ubavu na kuhakikisha uko salama, achukue simu yake na kurekodi, hata sekunde thelathini, uso na mikono vikionekana, na video hiyo umpe daktari.